Msimamizi wa Ujenzi na Roho za Watu

Apitaye leo katika mitaa ya Dar es Salaam huona majumba marefu yakiinuka kila upande. Jambo hili ni la kufurahia, maana palipo na ujenzi pana kazi kwa fundi na riziki kwa kibarua. Lakini wazee wetu walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Hatujaisahau Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Wala hatujaisahau Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20 waliotoka makwao kutafuta chakula cha watoto wao.

Kila msiba wa namna hii ukitokea, watu huuliza habari za mwenye jengo, za mhandisi na za Serikali. Maswali hayo ni ya haki. Ila yuko mtu mmoja asiyetajwa sana, naye ndiye afikaye kazini alfajiri na kuondoka wa mwisho: msimamizi wa ujenzi. Mhandisi huchora na kukagua, kisha huenda zake. Msimamizi ndiye aonaye nondo zikifungwa na zege likimwagwa.

Zege halina siri kwa mtu anayelijua. Likizidishwa maji ili liwe jepesi kumwaga, hupungua nguvu. Likiachwa likauke juani pasipo kumwagiliwa, hupasuka. Nguvu zake hupimwa siku ya 7 na siku ya 28, na mirunda ikiondolewa kabla ya wakati, sakafu hubebeshwa mzigo isioweza kuuchukua. Haya yote msimamizi huyajua. Linalomshinda si elimu bali ni ujasiri, kwa kuwa tajiri husimama mbele yake akisema kwamba wapangaji wanangoja, na mifuko ya saruji imekwisha kuwa mingi mno.

Hapo ndipo tunapomtambua msimamizi wa kweli. Akikubali kupunguza saruji, fedha iliyookolewa huingia mfukoni mwa mwingine, na hatari humwangukia kibarua aliye chini.

Sheria tunazo. Sheria za mwaka 1997 ziliweka bodi za kusajili wahandisi na makandarasi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri awakinge watu wake. Lakini sheria haipandi jukwaani kutazama kama mbao zimefungwa sawasawa. Apandaye ni msimamizi.

Sisi twasema kwamba msimamizi apimwe kwa madaftari yake mawili. La kwanza ni daftari la zege: limemwagwa siku gani, kwa vipimo gani, na majibu ya vipimo yalikuwaje. La pili ni daftari la majina. Vibarua wengi huokotwa asubuhi getini na kulipwa jioni, pasipo jina kuandikwa popote. Jengo likianguka, nani atawaambia waokoaji ni watu wangapi wamo chini ya kifusi? Na mjane atadai fidia kwa ushahidi gani, ikiwa hakuna karatasi ionyeshayo kwamba mumewe alikuwa kazini siku ile? Asiyeandika jina la mfanyakazi wake amekwisha kumhesabu kuwa si mtu.

Nanyi ndugu wafanyakazi, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa peke yao. Fundi aonaye ufa katika nguzo akanyamaza kwa kuogopa kukosa ujira wa siku anauza maisha yake kwa bei rahisi. Semeni, tena semeni kwa pamoja, maana sauti ya mmoja hufukuzwa kazi, na sauti ya wote husikilizwa.

Kwa msimamizi tuna neno moja. Tajiri akikuhimiza umwage zege lisilofaa, kataa. Kazi iliyopotea hutafutwa nyingine. Waliofukiwa hawarudi.