Steringi hafi, lakini bila msaidizi hachekeshi

Kila mtoto wa mtaa anajua sheria ya kwanza ya filamu: steringi hafi. Anaweza kurushwa kutoka ghorofa ya kumi, agongwe na lori, apigwe risasi na wanaume arobaini waliojipanga laini, na bado atainuka, apanguse vumbi na kuuliza mkubwa wa majambazi yuko wapi. Sheria hiyo tumeifunzwa kwenye vibanda vya video, hapa Makina na kule Kawangware, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, sauti ya DJ Afro ikipita juu ya mateke ya Jackie Chan kwa Kiswahili na Sheng.

Lakini kuna sheria ya pili ambayo hatuisemi. Kwenye filamu za polisi na wapelelezi wa vichekesho, mara nyingi anayekuvunja mbavu si steringi. Ni yule wa pembeni. Ni bosi anayefoka, askari mvivu, shahidi muongo, bawabu aliyelala kazini. Huyo ndiye tunamwiga tukitoka nje. Na huyo ndiye hatujui jina lake.

Nasema hili si la kupuuzwa, hasa kwa sisi vijana ambao sasa tunajitengenezea filamu wenyewe.

Chukua mfano ambao wengi mmeuona, Beverly Hills Cop ya mwaka wa 1984. Eddie Murphy ni Axel Foley, askari wa Detroit anayekwenda Beverly Hills kumsaka aliyemuua rafiki yake. Murphy ana mdomo, hilo hatukatai. Lakini mdomo bila wa kuukasirikia ni kelele tu. Kicheko kinakuja kwa sababu kuna Taggart na Rosewood, askari wawili waliotumwa kumfuata Foley, walioigizwa na John Ashton na Judge Reinhold. Foley anawaagizia chakula wakiwa ndani ya gari wakimvizia, kisha ndizi zinasukumwa kwenye bomba la moshi la gari hilo hilo. Ukiangalia vizuri utagundua unacheka sura ya Taggart, mzee anayejaribu kushika sheria huku dunia ikimkatalia.

Na zile ndizi? Foley alipewa na jamaa mmoja wa hotelini anayeonekana kwa sekunde chache tu. Jamaa huyo ni Damon Wayans, na hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Kwenye orodha ya majina mwishoni aliandikwa "Mtu wa Ndizi", na kando yake jina lake kamili. Miaka ikapita, na wewe ukamjua kama baba mkali wa My Wife and Kids. Sekunde chache, lakini jina liliandikwa.

Bosi wa Foley kwenye filamu hiyo, Inspekta Todd, naye alikuwa na kisa chake. Gilbert Hill hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa mpelelezi halisi wa kesi za mauaji mjini Detroit. Ile hasira unayoiona usoni mwake aliijua kutoka kazini. Baadaye aliongoza baraza la jiji hilo, na mwaka wa 2001 akawania umeya, ingawa alishindwa.

Wakati mwingine msaidizi humpokonya steringi filamu nzima. The Pink Panther ya mwaka wa 1963 ilikuwa ya David Niven, aliyeigiza mwizi mtanashati wa vito. Inspekta Clouseau alikuwa wa kando, na hata mwigizaji aliyepangwa awali, Peter Ustinov, alijiondoa karibu na wakati wa kurekodi. Peter Sellers akaingia, akaanza kujikwaa kwenye kila kitu chumbani, na watazamaji wakamsahau mwizi. Mwaka uliofuata ikatoka A Shot in the Dark, Clouseau akiwa katikati. Humo ndani akatokea msaidizi mpya, Burt Kwouk kama Cato, mtumishi ambaye kazi yake ni kumvamia bosi wake bila onyo ili amweke macho. Unaona mzunguko wenyewe? Msaidizi wa jana ndiye steringi wa leo, na tayari anahitaji msaidizi wake.

Haya, turudi nyumbani. Sisi Wakenya ndio tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wote, kwa sababu tumelelewa na vichekesho vya sare na sheria. Vioja Mahakamani ya KBC, ukiifikiria, haina hata steringi. Kila kesi ina mshtakiwa wake, na kila mtu pale ni msaidizi wa mwenzake. Ndiyo maana majina kama Ondiek Nyuka Kwota, Makokha na Masanduku arap Simiti bado yanatajwa kwa kicheko hata na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati kipindi kilipoanza. Davis Mwabili naye amevaa sare ya Inspekta Mwala kwa miaka mingi, lakini kituo cha polisi bila wanaoingia na kesi za ajabu kingekuwa ofisi tu.

Kisha kuna Papa Shirandula. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alikuwa bawabu anayewaficha jamaa zake kazi yake halisi. Lakini niambie ukweli: ni mara ngapi ulikuwa unamngojea Awinja? Ama Jalang'o? Jacky Vike alimfanya Awinja akawa mkubwa hadi mtaani msichana yeyote mwenye maneno mengi akaitwa Awinja. Na Jalang'o mwaka wa 2022 alichaguliwa mbunge wa Lang'ata, eneo bunge ambalo sisi wa Kibra tulikuwa ndani yake mpaka uchaguzi wa 2013. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba nafasi ya pembeni ni ndogo.

Shida ni kwamba kwa kila Jalang'o mmoja kuna wengi ambao safari yao iliishia kwenye kicheko chetu. Mwaka wa 2021, Omosh wa Tahidi High alijitokeza hadharani kuomba msaada, na Wakenya wakachanga. Kipindi chake hakikuwa cha polisi, lakini funzo ni lile lile: uso unaotambulika kila mtaa si lazima uwe na kodi ya nyumba. Mwigizaji msaidizi hulipwa siku aliyofanya kazi. Kipindi kikirudiwa mara ya tano, kikatwe vipande na kuwekwa mtandaoni, kicheko ni kipya lakini malipo yalikuwa yale ya zamani.

Hata filamu kubwa zikija hapa, mtaa wetu ndio huwa msaidizi. The Constant Gardener, ya mwaka wa 2005, ilirekodiwa sehemu yake Kibera. Hiyo ni hadithi ya mume anayechunguza kifo cha mkewe, na haina utani wowote. Rachel Weisz, aliyeigiza mke huyo, alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike mwaka wa 2006. Alistahili. Lakini fikiria: tuzo kubwa zaidi duniani ya wasaidizi ilitoka kwenye filamu iliyopita kwenye vichochoro vyetu, na nyuso zilizojaza vichochoro hivyo hatuwezi kuzitaja.

Sasa nisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapohusika mimi na wewe. Siku hizi hatungoji mzungu wala kituo cha runinga. Kila wikendi utapata kikundi na simu moja, wanarekodi klipu za karau na mwizi. Mmoja ni karau mjanja, mwingine karau mjinga, mwingine mama mboga aliyeibiwa, mwingine mshukiwa anayejichanganya kwenye maelezo. Klipu ikishika, akaunti ni ya mmoja. Matangazo yakija, simu inayoita ni ya mmoja. Yule karau mjinga, ambaye ndiye watu wanamuiga kwenye matatu, alipewa soda na nauli ya kurudi nyumbani. Jina lake halijaandikwa hata kwenye maelezo ya video.

Tunalalamika kila siku kwamba wakubwa wa sanaa wanatunyonya. Halafu tukipata simu na wafuasi elfu chache, tunafanya vile vile.

Najua jibu: "Bro, hakuna pesa. Mwenye akaunti ndiye alinunua simu, anaweka bando, anaandika stori, na klipu ikikufa hasara ni yake." Ni kweli. Anayebeba hatari kubwa apate kubwa. Sisemi mgawane sawa kwa sawa. Nasema mgawane, na mjue mnagawana nini kabla ya kamera kuwashwa.

Kama kisingizio ni umaskini, tazama Wakaliga, mtaa wa Kampala usiotofautiana sana na wetu. Isaac Nabwana na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010 kwa bajeti ambayo harusi ya kawaida ingeicheka. Filamu inauliza nani alimuua Kapteni Alex, na mpaka mwisho hujibiwi. VJ Emmie anatania juu ya kila tukio hadi sauti yake inakuwa mhusika kamili. Waigizaji hawakuwa na mishahara, lakini walizunguka kuuza DVD za filamu zao mlango kwa mlango, na kila aliyeuza akabaki na sehemu ya pesa. Mfumo mdogo, wa mkononi, lakini ni mfumo.

Na sheria ya dunia nayo iko upande wa msaidizi. Mkataba wa Beijing wa mwaka wa 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, unatambua haki ya mwigizaji wa filamu na video kutajwa kama mwigizaji wa kazi hiyo. Hapa kwetu kuna PRISK, iliyoundwa kukusanya mirabaha ya waigizaji na wanamuziki. Lakini hakuna chama kinachoweza kukutafutia pesa kama hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ulikuwepo.

Kwa hivyo mambo ni matatu. La kwanza, jina: kila aliyeonekana kwenye klipu aandikwe, hata kama alisema neno moja. La pili, makubaliano: karatasi ya daftari inatosha, iseme nani atapata nini klipu ikiingiza pesa, na kila mtu aipige picha. La tatu ni letu watazamaji: ukicheka, uliza yule ni nani, mtaje kwenye maoni, mfuate. Mimi chuo niliachia njiani, lakini hesabu hii haihitaji mhadhiri.

Steringi hafi, sawa. Msaidizi huuawa dakika ya ishirini ili hadithi isonge mbele, na kwenye filamu hilo ni halali. Nje ya filamu lazima ale, alipe kodi, na mtoto wake aione video ile na jina la mzazi wake likiwa limeandikwa.