Bonasi ya Chai na Hisa za Chipu

Juma lililopita nilipata barua kutoka kwa kijana mmoja anayesoma chuo kikuu mjini Kisii. Kwao ni Nyamira, na karo yake hutokana na majani chai ya mamake. Anasema amesoma mengi kuhusu kampuni za chipu za kompyuta, na sasa anataka kumshawishi mama ampe bonasi ya mwaka huu akanunue hisa. "Simu, magari, hata mashine za hospitali zinatumia chipu," anaandika. "Dunia haiwezi kuishi bila chipu. Nitakosaje kufaidika?"

Kwanza tuelewane. Usidhani tunazungumzia chipsi za viazi! Chipu hizi ni vipande vidogo vya silikoni, ambavyo wataalamu huviita semikondakta, na ndivyo ubongo na kumbukumbu ya kompyuta na simu. Kijana amesema kweli: dunia inazihitaji. Lakini nami nina swali. Je, dunia haihitaji chai?

Kila asubuhi, kuanzia Mombasa hadi London, watu hunywa chai. Hata hivyo, mwaka wa 2025 wakulima wa Kisii na Nyamira walilalamika kwamba bonasi yao ilikuwa chini mno kuliko ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya. Zao ni lile lile, majani mawili na chipukizi. Lakini bei ambayo chai ya kiwanda hupata katika mnada wa Mombasa, pamoja na gharama za kiwanda chenyewe, ndizo huamua mkulima ataenda nyumbani na nini.

Tazama sukari vilevile. Hisa za Mumias ziliuzwa kwa umma mwaka wa 2001, na Wakenya wengi wakazinunua. Mwaka wa 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Je, katika miaka hiyo Wakenya waliacha kutia sukari katika chai? La hasha!

Basi shika neno hili, msomaji: bidhaa kuhitajiwa ni jambo moja, na faida kumfikia mwenye hisa ni jambo jingine kabisa.

Sasa turudi kwa chipu. Usinunue jina "chipu". Nunua kampuni unayoielewa. Nvidia ya Marekani husanifu chipu, lakini kazi ya kuzitengeneza huiachia zaidi TSMC ya Taiwan. ASML ya Uholanzi haiuzi chipu. Huuza mashine zinazotumiwa na viwanda vya chipu. Micron hutengeneza chipu za kumbukumbu.

Hizi za kumbukumbu zina tabia ya ndizi zetu. Bei ikipanda, kila mtu hupanda. Zikikomaa pamoja, soko la Daraja Mbili hufurika na bei huanguka. Mwaka wa 2021 ulimwengu ulilia uhaba wa chipu. Kufikia 2023 maghala yalikuwa yamejaa chipu za kumbukumbu, na Micron ikapata hasara ya mabilioni ya dola.

Wala ukubwa si kinga. Mwaka wa 2000 hisa moja ya Intel ilipita dola 70. Mwaka wa 2024 ilishuka hadi karibu dola 20, na kampuni ikasimamisha mgao wa faida. Hata Nvidia, iliyotajirisha wengi, ilipoteza karibu nusu ya bei yake mwaka wa 2022 kabla ya kupanda tena. Tena tarehe 27 Januari 2025 ilishuka kwa asilimia 17 kwa siku moja tu. Mwenye subira alingoja. Je, aliyenunua kwa pesa za karo angengoja vipi, na ofisi ya fedha inamdai?

Utachagua vipi basi? Soma ripoti ya mwaka ya kampuni. Kampuni zilizo katika masoko ya Marekani hulazimika kuitoa, na huisomi kwa malipo. Tafuta mambo matatu: mauzo, faida na madeni. Usiangalie mwaka mmoja mnono. Rudi nyuma hata miaka kumi, uone kampuni ilifanya nini soko lilipokuwa baya.

Kisha pima bei. Ukienda kununua ng'ombe wa maziwa, huulizi bei tu, unauliza anatoa lita ngapi. Hisa nayo ni hivyo. Chukua bei ya hisa, uigawe kwa faida ambayo hisa moja ilipata mwaka mzima. Ukipata 15, unalipia faida ya miaka 15. Ukipata 60, sehemu kubwa ya unacholipia ni matumaini.

Usisahau dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Kwa aliyebadilisha shilingi zake Januari, katika kila Sh100, takriban Sh19 zilikwenda, hata kama bei ya hisa haikusogea. Tena Marekani hukata asilimia 30 ya mgao wa faida wa Mkenya kabla haujamfikia.

Na wakala je? Hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Anayekuingiza katika kikundi cha simu na kukuahidi faida kila wiki, mkimbie. Wazee wetu wanakumbuka upatu wa miaka ya 2006 na 2007, jinsi watu walivyouza ng'ombe wakabaki na risiti.

Katika Soko la Hisa la Nairobi hutapata kampuni ya chipu. Lakini ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwani tangu Agosti 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja.

Sasa nakujibu, mwanangu. Bonasi ya mama iache ilipe karo. Hisa hununuliwa kwa pesa ambazo hata zikikawia miaka mitano, hakuna atakayelala njaa wala kufukuzwa darasani. Chukua daftari, andika kampuni tatu, na ueleze kwa nini ungenunua kila moja. Zifuatilie mwaka mmoja bila kutoa senti. Baadaye anza na akiba yako mwenyewe, hata iwe kidogo.

Na utakapokwenda nyumbani likizo, keti na mama jikoni. Viwanda vya chai vya wakulima wadogo ni mali ya wakulima wenyewe, kwa hivyo huenda yeye amekuwa mwanahisa kabla hujazaliwa. Mwulize kwa nini kiwanda chao kililipa kilicholipa. Atakueleza habari za mvua, kuni, mnada na wakurugenzi. Siku utakapoweza kuieleza kampuni yako ya chipu kama mama anavyokieleza kiwanda chake, siku hiyo utakuwa tayari kununua.