Vijana Wetu na Karatasi za Wazee

Ndugu Wanachama,

Mwaka jana nilitoa kashani hati ya shamba aliyoniachia baba. Imeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, na wino umefifia. Mjukuu wangu wa miaka 16, ambaye simu haimshindi kwa lolote, hakuweza kusoma hata mpaka wa shamba ulipo. Mimi naisoma. Nikiondoka, nani ataisoma?

Sasa sikilizeni khabari hii. Maktaba ya watu wote ya mji wa Boston, Marekani, ina barua na karatasi zipatazo 12,000 za watu waliopigania kuondoshwa utumwa, akina William Lloyd Garrison na wenzake. Zimeandikwa kwa mkono, na kuzinakili zote ni kazi kubwa mno kwa wafanyakazi wachache. Mwaka 2018 maktaba ilitia picha zake katika intaneti, ikaomba msaada. Mtu yeyote, akiwa kwao, alifungua picha, akasoma mstari, akaupiga chapa. Wengine nao walisoma mstari ule ule, ili kosa la huyu lionekane na yule. Hakulipwa mtu. Barua ikishapigwa chapa hivyo, jina lolote lililomo hutafutika mara moja.

Jambo hilo haliko mbali nasi. Mikarafuu ya mwanzo ya visiwa hivi ilipandwa kwa mikono ya watumwa, na utumwa ulifutwa kwa sheria hapa mwaka 1897. Nani alipanda, nani aliweka rehani, nani alikopa: mengi ya hayo yamo makashani mwetu.

Maoni yangu ni kuwa Chama kiziombe maktaba za Unguja na Pemba zianzishe kazi kama hiyo kwa vijana. Mwenye karatasi aridhie kwanza, maana hati ya shamba si kitu cha kutangazwa ovyo. Tuanze na barua za zamani na madaftari ya mauzo. Mzee ajuaye herufi asome, kijana apige chapa akiwa kijijini kwake, na maktaba isimamie, isahihishe, kisha impe kijana cheti cha saa alizojitolea.

Wako watakaosema, "Mtoto atumike bure, na hali mchumaji hulipwa kwa kila kilo?" Wana haki kuuliza. Saa mbili kwa juma zatosha, nje ya masomo na nje ya msimu. Faida yake ni kujua herufi za babu zake, na cheti kitamfaa atafutapo kazi. Lakini bando tulilipie sisi. Si haki kumwomba kijana kazi yake na fedha yake pia.

Karafuu zikinyeshewa majamvini, tutachuma nyingine msimu ujao. Karatasi ikiliwa na mchwa haina msimu mwingine. Naomba jambo hili litiwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kila mwanachama atazame kashani mwake kabla ya kuja.

Mwanachama, Pemba