Kuzima Si Kufagia

Nataka kusema jambo lililonisumbua muhula huu wote.

Kompyuta nyingi za chumba chetu tumepewa na ndugu zetu waliomaliza shule zamani, nasi twawashukuru sana. Lakini diski zake ni ndogo, na kila mara twaambiwa nafasi imekwisha. Basi wanafunzi tukaingia katika orodha ya Windows, tukazima sehemu tusizozitumia, tukidhani tutapata nafasi. Hatukupata kitu.

Sababu ni hii. Kuzima sehemu ni kama kufunga bweni wakati wa likizo: watu wametoka, lakini vitanda vingali ndani. Mafaili yake hubaki katika folda iitwayo WinSxS, ili mtu akitaka kuiwasha tena asiyatafute mbali.

Mimi nilipouona ukubwa wa folda ile nilikasirika, nikajipatia ruhusa nisiyostahili, nikafuta kwa mkono. Kesho yake kompyuta haikuwaka, na kazi ya wenzangu wanne iliyokuwa humo haikupatikana wiki nzima. Naungama kosa langu mbele yenu. Tena ukubwa wenyewe ulinidanganya, maana mafaili mengi ya humo yana majina mawili katika folda mbili, nayo huhesabiwa mara mbili, kama mwalimu aitaye jina la ubatizo na jina la nyumbani akadhani ni wanafunzi wawili.

Njia iliyo sawa ipo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mtu aweza kuzima sehemu kwa amri ya DISM akaongeza neno Remove, na mafaili yake yakaondolewa. Amri hiyo hiyo, kwa neno StartComponentCleanup, huondoa mafaili ya zamani yaliyokwisha kupata badala yake.

Wako watakaosema akiba haiozi. Nakubali nusu. Sehemu iliyoondolewa hivyo hairudi ila kwa intaneti au kwa diski ya kuwekea Windows, na sote twaijua intaneti yetu. Basi tuondoe zile tu ambazo shule haitazihitaji.

Wala si kila kinachofanana na takataka ni takataka. Mwezi wa Aprili 2025 folda tupu iitwayo inetpub ilitokea katika kompyuta nyingi, hata zile ambazo sehemu yake, IIS, haikuwashwa. Watu wakaifuta. Microsoft wakaeleza kwamba imewekwa kwa ajili ya ulinzi, isifutwe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Liwepo daftari moja katika chumba cha kompyuta, na kila sehemu iliyozimwa au kuondolewa iandikwe humo pamoja na tarehe na jina la aliyefanya. Wala asifute mtu faili la Windows kwa mkono.

Nanyi ndugu zetu mliotutangulia, kabla ya kutuletea kompyuta, angalieni mliyoyaacha wenyewe. Mkizima Hyper-V, diski zake za kuigiza hubaki pale pale, na moja yaweza kula gigabaiti nyingi. Hizo ni mali yenu, nasi hatujui kama mwazihitaji. Mwenye mzigo ndiye ajuaye kilichomo.

Mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.