Mwenzako Akinyolewa, Wewe Tia Maji: Maoni Kuhusu Wembe na Ngozi ya Shingo

Wahenga waliotuachia methali isemayo "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" walikusudia kutufundisha kujiandaa kabla ya kufikwa na jambo. Lakini mfano wao hawakuuokota hewani. Waliuchukua katika kazi waliyoijua vizuri, kwani nywele kavu hazinyoleki bila kumuumiza mwenyewe. Ndani ya methali hiyo, basi, mna kanuni ya sayansi. Kwa bahati mbaya wengi wetu tumeishika busara yake na kuiacha kanuni, na matokeo tunayaona shingoni mwa vijana wetu: vipele vigumu chini ya taya, mabaka meusi, usaha, na pengine makovu yasiyofutika.

Katika makala hii tunakusudia kutetea hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba vipele hivi si alama ya uchafu. Vinatokana na umbo la unywele pamoja na namna wembe unavyotumiwa, na kwa hiyo vinaweza kuzuiwa. Hoja ya pili, ambayo huenda isiwapendeze baadhi ya walimu, ni kwamba sharti la kumtaka mwanafunzi awe na kidevu kisichosalia hata alama ya udevu halina msingi wa afya wala wa nidhamu.

Unywele uliopinda kama jambia

Kila unywele huota kutoka katika kishimo kidogo ndani ya ngozi. Kwa watu wenye nywele zilizonyooka, kishimo hicho hushuka karibu wima. Kwa wengi wetu Waafrika, kishimo chenyewe kimepinda kama ala ya jambia, na unywele utokao humo nao hupinda. Ukiukata unywele wa namna hiyo na kuutazama mwisho wake kwa hadubini, utaona kwamba haukufanya duara kamili bali umebonyea kama yai.

Wembe unapoukata udevu uliopinda, huuachia ncha ya mshazari, kali kama ya mkuki. Kutoka hapo madhara hutokea kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, udevu hutoka nje, hujipinda, kisha hurudi na kuichoma ngozi hatua chache kutoka pale ulipotokea. Katika njia ya pili, mnyoaji aliyeivuta ngozi na kuukata udevu kwa karibu mno huuacha ukiwa umezama chini ya uso wa ngozi. Unapoanza kukua tena, ncha yake hutoboa ukuta wa kishimo kabla haijaona mwanga. Kwa vyovyote vile mwili huuchukulia udevu huo kama mwiba. Damu hukimbilia mahali hapo, ngozi huvimba, na kipele huzaliwa. Bakteria wakipata nafasi, usaha hufuata.

Tusiuchanganye ugonjwa huu na mwasho wa kawaida wa wembe. Mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa kwamba ngozi huungua bila moto, kwani kila aliyewahi kubangua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda lake yanavyochubua vidole. Wembe butu uliopitishwa kwenye ngozi kavu nao huchubua tabaka la juu, na mwasho wake huisha baada ya saa chache au siku mbili tatu. Vipele vya udevu uliorudi ndani havina haraka hiyo. Hukaa kwa majuma, na hujirudia kila mtu anaponyoa.

Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanaume weusi wa Marekani zimetaja viwango vya kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaonyoa ndevu kuwa na tatizo hili. Mwaka 2004 wanasayansi walieleza pia kwamba badiliko dogo katika jeni ya aina moja ya keratini, ile protini inayojenga nywele, huongeza uwezekano wa mtu kupatwa nalo. Kwa hiyo mwanafunzi anayelaumiwa kwa kutojisafisha huenda analaumiwa kwa urithi aliopewa na wazazi wake. Wala si shida ya wanaume peke yao, kwani hata wanawake wanyoao kwapa hupatwa na vipele vya namna hiyohiyo.

Kwa nini shingo?

Mashavuni ndevu nyingi hulala zikielekea chini. Shingoni hazina utaratibu huo: nyingine huelekea juu, nyingine pembeni, na nyingine huzunguka kama maji ya kizingia. Mtu anayepitisha wembe kwa mkupuo mmoja kutoka kooni hadi kidevuni atakuwa amefuata ulalo wa baadhi ya ndevu na kuzikabili nyingine. Zaidi ya hayo, ngozi ya shingo ni laini, ina mikunjo, na husuguliwa mchana kutwa na ukosi wa shati.

Tuchukue Kilambo kuwa mfano, pale mto Ruvuma unapotutenganisha na Msumbiji kabla ya kumwaga maji yake baharini. Joto na unyevu wa pwani hiyo humfanya mtu atoke jasho tangu asubuhi. Jasho lina chumvi, na chumvi juu ya ngozi iliyochubuka huwasha. Anayewashwa hujikuna, na kucha humalizia kazi iliyoanzwa na wembe. Tena maji ya visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi au chokaa. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba madini ya kalsiamu na magnesiamu huungana na sabuni na kufanya utando mweupe badala ya povu. Mtu anayenyoa kwa maji magumu hunyoa karibu bila povu, hata akitumia kipande kizima cha sabuni. Kwa kazi hii maji ya mvua yaliyokingwa masika ni bora zaidi.

Namna ya kunyoa

Msingi wa kwanza ni maji na muda. Unywele mkavu ni mgumu, lakini ukiloweshwa waweza kunyonya maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake, ukavimba na kulainika. Hauloweki papo hapo. Wakati mzuri wa kunyoa ni baada ya kuoga, au baada ya kuiwekea shingo kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu. Baada ya hapo lipakwe povu zito, likae kidogo, ndipo wembe uguse ngozi.

Msingi wa pili ni kujua ulalo wa ndevu zako. Acha ndevu ziote siku mbili, kisha pitisha kidole shingoni kwa kila upande. Upande ambao kidole huteleza ndio ulalo wa ndevu. Upande ambao hukwaruza ndio kinyume chake. Chora ramani yake kwenye karatasi, nawe hutaihitaji tena baada ya majuma machache, maana mkono utakuwa umeikariri. Wembe na ufuate ulalo huo daima.

Msingi wa tatu ni kujizuia. Usiivute ngozi. Usikandamize, bali uache wembe ufanye kazi kwa uzito wake. Usirudie mara tatu mahali palepale kwa kutafuta ulaini wa kioo. Wembe uwe mkali, na uoshwe kila baada ya mikupuo michache. Nyembe za pande mbili za kutupwa, ambazo King C. Gillette alianza kuziuza mwaka 1903, bado zinafaa sana kwa ngozi zetu zikitumiwa kwa utulivu. Mwaka 1971 ilitoka mashine ya nyembe mbili zilizopangwa pamoja, ambamo wembe wa kwanza huuvuta udevu na wa pili huukata kabla haujarudi mahali pake. Hivyo udevu hubaki chini ya uso wa ngozi. Jambo lililotangazwa kuwa maendeleo kwa mwenye ndevu zilizonyooka limekuwa mtego kwa mwenye ndevu zilizopinda.

Baada ya kunyoa, osha kwa maji baridi na kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Mafuta kidogo ya nazi yaliyo safi yatazuia ngozi isikauke. Spiriti huichoma na kuikausha bila faida kubwa. Ndimu ni hatari zaidi, kwani maji yake yakikaa juu ya ngozi yenye kupigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha baka jeusi.

Vipele vikishatokea, dawa ya kwanza ni kuweka wembe chini. Ndevu hukua kwa wastani wa karibu milimita 0.4 kwa siku, na udevu uliojichoma ukifikia urefu wa milimita 10 hivi hufanya kazi kama kamani na kujichomoa wenyewe. Mwanafunzi na agawanye 10 kwa 0.4: atapata siku 25. Ndiyo maana wataalamu wa ngozi hushauri mapumziko ya majuma manne au zaidi. Kuchimbua vipele kwa sindano au kucha hukaribisha usaha na makovu.

Tunaonya pia juu ya krimu za kuondoa mabaka. Weusi unaobaki baada ya kipele hutokana na melanini iliyozalishwa wakati wa uvimbe, nao hupungua wenyewe kwa miezi kadhaa. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, na si kwa ubishi: zebaki hudhuru figo. Mwenye vipele visivyopona, au makovu yanayozidi kuvimba, na aende kituo cha afya.

Kiti cha kinyozi

"Kinyozi hajinyoi," husema methali nyingine, na hivyo wengi wetu huzitoa shingo zetu mikononi mwa mwingine. Hapa suala linavuka mipaka ya vipele. Wembe uliochubua shingo moja huwa na damu hata kama jicho haliioni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, na virusi vya Ukimwi navyo huweza kupita katika damu mbichi. Kipande cha shabu kinachopitishwa juu ya mikwaruzo ya mteja mmoja baada ya mwingine kina hatari ya namna hiyo. Somo la wembe mmoja kwa mtu mmoja limehubiriwa sana kuhusu jando. Ni budi lifike kwenye kiti cha kinyozi pia. Mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake, na mashine ikisafishwa kwa dawa kabla ya kumgusa.

Unadhifu hauhitaji ngozi tupu

Sasa tuje kwenye hoja yetu ya pili. Shule zinataka wanafunzi wanadhifu, nasi hatupingi. Lakini tutofautishe unadhifu na ulaini. Kidevu chenye ndevu za urefu wa milimita moja, zilizopunguzwa sawasawa kwa mashine au mkasi, ni kinadhifu. Tena ndevu za urefu huo ni vigumu kujipinda na kurudi ndani. Mvulana anayelazimishwa kunyoa kwa wembe juu ya vipele vibichi kila Jumapili jioni, ili asiadhibiwe Jumatatu mstaarini, hafundishwi usafi. Anafundishwa kuficha maradhi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Yapo majibu ya wanaodai kwamba ukilegeza sharti hili nidhamu yote itaporomoka. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliona kwamba kampuni moja ya piza, kwa kuwakataza wafanyakazi wote kufuga ndevu, iliwaonea wanaume weusi wenye ugonjwa huu. Mwaka 2020 Jeshi la Anga la nchi hiyo liliruhusu vibali vya kimatibabu vya kutonyoa kwa muda wa hadi miaka mitano. Masharti hayo yamebanwa tena tangu wakati huo, na mjadala unaendelea; lakini ikiwa jeshi linaweza kulijadili jambo hili kama suala la tiba, mwalimu wa zamu hashindwi kulijadili hivyo na kijana wa miaka 17.

Tunapendekeza, basi, sharti la shule lisomeke kwamba ndevu ziwe fupi na safi, na kila shule iwe na mashine moja yenye kizuizi cha milimita moja, inayosafishwa kwa dawa kila baada ya mtu mmoja. Tunapendekeza pia somo lenyewe lifundishwe. Mwalimu wa kemia na ajaze chupa mbili, moja maji ya kisima na nyingine maji ya mvua, atie sabuni kiasi kilekile na kuzitikisa mbele ya darasa. Mwalimu wa biolojia na aulize kwa nini unywele mmoja hupinda na mwingine hunyooka. Vifaa vyote vya masomo hayo vipo Kilambo, havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Wahenga walitwambia tutie maji. Ni juu yetu sasa kuwaambia vijana ni maji ya namna gani, kwa dakika ngapi, na wembe ufuate upande upi. Kijana akiyajua hayo, akaruhusiwa na shule yake kuyafuata, shingo yake itapona bila dawa ya duka lolote.