Mkanda wa Mlango Uvuliwe Nyumbani

Mwandishi aliyewaonya wenye magari wa Mbale wasiguse hata klipu moja kabla ya gari kupigwa rangi ametetea haraka ya gereji, hakulitetea gari. Anasema fundi ataziba mikanda ya milango kwa karatasi na utepe wa gundi, yatosha. Haitoshi hata kidogo! Rangi ikiishia kwenye ukingo wa mkanda wa mlango huacha tuta dogo ambalo ukucha unalihisi. Maji huingilia hapo hapo, na rangi huanza kubanduka.

Nyuma ya mkanda huo ndiko tope hujificha. Sisi wa Nabuyonga hapa Mbale tope tunalijua: mto Nabuyonga ulipofurika mwishoni mwa Julai 2022, liliingia kila penye upenyo. Na kutu iliyofunikwa kwa rangi mpya huendelea kula bati.

Mwandishi huyo anahofia tutavunja vitu. Hapo ana haki, maana klipu za plastiki zilizochomwa na jua miaka mingi hukatika ovyo. Tafuta mpya mapema. Kazi yenyewe inataka subira tu. Nembo iliyobandikwa kwenye bati nayo ivuliwe: ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, pitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake, uvute huku na huku kama msumeno hadi gundi iachie. Bisibisi tupu itakwaruza bati, iweke mbali. Skrubu za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake na uuandike jina. Kioo cha mbele mwachie fundi.

Tena ukivua mwenyewe, kutu unaiona kwa macho yako kabla hamjapatana bei na fundi.