Tuanzie Kwenye Bahasha: Neno kwa Walimu Juu ya Ukusanyaji wa Stempu



Kila yanapozuka mazungumzo juu ya namna vijana wetu wa Rusizi wanavyotumia saa zao za mapumziko, husikika sauti mbili kuhusu stempu. Ya kwanza hudai kwamba kukusanya stempu ni mchezo wa Wazungu wazee wasio na kazi, na kwamba Mwafrika hana haja ya kubandika vikaratasi katika daftari. Ya pili hukiri kwamba jambo lenyewe ni jema, ila humshauri mwenye kutaka kuanza anunue kwanza albamu iliyopigwa chapa ng'ambo, pamoja na pakiti ya stempu mia moja za rangi rangi. Sisi twazipinga sauti zote mbili, na ya pili twaipinga kwa nguvu zaidi, kwa maana huja imevaa nguo ya rafiki.

Tuanze na ya kwanza. Ni kweli kwamba stempu ya kwanza ya kubandika barua ilitolewa Uingereza mwezi Mei mwaka 1840. Lakini je, kitu kikizaliwa ugenini hakiwezi kuwa chetu? Karatasi nayo ilitoka ugenini, na mpira wa miguu vilevile, wala hatusikii mtu akiwakataza watoto wa Kamembe kuucheza kwa sababu hiyo. La kuuliza si kitu kimetoka wapi, bali kimepita wapi na kimebeba nini. Na stempu zilizopita katika nchi zetu zimebeba mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili hana haki ya kuyapuuza.

Tutoe mfano ulio karibu na kazi yetu. Mwaka 1893 Wajerumani walizigongea chapa stempu za nchi yao ili zitumike katika koloni lao la Afrika ya Mashariki. Juu ya stempu hizo liliandikwa neno PESA: pesa 2, pesa 3, pesa 5, pesa 10, pesa 25. Wakati huo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Baadaye hesabu ikabadilishwa, rupia ikagawanywa katika sehemu mia moja, na katika stempu za mwaka 1905 twaona neno Heller mahali pa pesa. Sasa na tuwaulize wanafunzi wetu: neno "hela" limetoka wapi, na "pesa" je? Mwalimu aweza kulieleza somo hilo ubaoni kwa saa nzima, na darasa lisinzie. Aonyeshe picha za stempu mbili tu, moja ya pesa na moja ya Heller, na darasa zima litaona jinsi neno la Kihindi na neno la Kijerumani yalivyoingia mfukoni mwa Mswahili yakakaa humo hadi leo.

Mfano wa pili ni Unguja. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zilizokuwa na sura ya Sultani hazikutupwa. Ziligongwa juu yake maneno JAMHURI 1964, zikaendelea kutumika. Hapo neno moja la Kiswahili limekaa juu ya sura ya mfalme, na mtoto wa darasa la tano aweza kuelewa yaliyotokea kabla hajasoma ukurasa mmoja wa historia. Huko Tanganyika nako stempu za uhuru zilichapishwa neno UHURU 1961. Nani basi atasema kwamba vikaratasi hivi havituhusu?

Tena sisi wa Rusizi tuna sababu zaidi ya wengine. Wilaya yetu imepakana na Kongo kwa upande mmoja na Burundi kwa upande mwingine. Bugarama ni pale nchi tatu zinapokutana, na kutoka mjini Cyangugu mtu huiona Bukavu kwa macho, ng'ambo ya mto. Nchi yetu ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, walichukua stempu za Kongo wakazigonga neno RUANDA, na nyingine URUNDI. Mwaka 1924 zikaja stempu za Kongo zilizogongwa RUANDA-URUNDI. Katika miaka ya 1950 Kongo na Ruanda-Urundi zilitoa stempu za maua zenye sura inayofanana. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, maua yake yakagongwa neno CONGO. Na mwaka 1962 maua ya Ruanda-Urundi yakagongwa jina la Ufalme wa Burundi. Ng'ambo ya mto, mji ule ule wa Bukavu ulituma barua kwa stempu za Kongo, kisha za Zaire tangu mwaka 1971, kisha za Kongo tena tangu mwaka 1997. Mji haukusogea hata hatua moja. Ni jina lililosogea. Mtoto aliyezipanga stempu hizi kwa mfuatano amejifunza historia ya Maziwa Makuu kwa vidole vyake.

Sasa tuigeukie sauti ya pili, ile ya pakiti na albamu. Twasema wazi: pakiti ni mlango mbaya. Kwanza, pakiti humpa mtoto vitu mia asivyovijua kwa mara moja, naye huvichoka katika juma moja. Pili, nyingi ya stempu hizo hazikupata kubandikwa kwenye barua yoyote. Nchi nyingi changa, na Rwanda ikiwa miongoni mwao, zilitoa stempu nyingi zilizolengwa kwa wanunuzi wa ng'ambo kuliko kwa waandishi wa barua wa nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1965 Rwanda ilitoa stempu za Lincoln na za Kennedy, na baadaye zikafuata za michoro ya Ulaya na za safari za mwezini. Hatusemi kwamba ni mbaya kutazama. Twasema kwamba hazina habari nyingi za watu wa Cyangugu. Ishara yake ni rahisi: ukiona stempu imepigwa muhuri safi katika pembe moja tu, na nyuma yake gundi bado ni nzima, ujue haikusafiri. Iligongwa muhuri kwa mafungu ili iuzwe.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni upi? Ni bahasha kuukuu zilizomo masandukuni mwa babu na bibi, mashangazi na wajomba zetu. Humo mna barua za ada ya shule, barua za waliokwenda kufanya kazi Bujumbura au Kigali, barua za ndugu walio Kongo. Siku hizi simu ya mkononi imechukua nafasi ya barua, na bahasha mpya ni chache. Zile za zamani zinaliwa na mchwa, zinaharibiwa na unyevu, zinawashiwa moto jikoni. Tena watu wengi wa hapa walivuka daraja la Rusizi mwaka 1994 wakiwa na vitu walivyoweza kubeba mikononi tu. Karatasi za nyumba nyingi zilipotea wakati ule. Bahasha iliyonusurika baada ya hayo yote si takataka. Pengine ndiyo hati pekee yenye jina la mtu, mahali alipokaa, na tarehe.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza na aanzie hapa, kwa utaratibu huu.

Kwanza, aombe ruhusa. Barua ni ya mwenyewe. Mkusanyaji huomba bahasha, wala hafungui barua iliyomo wala kuisoma bila idhini. Mwenyewe akikataa, asishurutishwe.

Pili, asikimbilie kubandua stempu. Ikiwa muhuri wa posta unasomeka, yaani jina la mahali na tarehe, basi bahasha na ibaki nzima. Stempu iliyong'olewa huonyesha nchi. Bahasha nzima huonyesha safari. Stempu ibanduliwe pale tu bahasha imeraruka au muhuri hausomeki.

Tatu, kubandua kuna adabu yake. Kata karatasi kuzunguka stempu bila kugusa meno yake. Iweke katika maji baridi safi, sura ikiwa juu, hadi iachane na karatasi yenyewe. Usiivute kwa nguvu. Karatasi za rangi kali zitengwe, maana rangi hutoka ikachafua. Kisha stempu ilazwe juu ya karatasi inayofyonza maji, na ikikauka ibanwe ndani ya kitabu kizito usiku mmoja. Tangu hapo ishikwe kwa kibano, si kwa vidole vyenye jasho.

Nne, albamu si lazima. Daftari la shule lenye karatasi ngumu latosha. Lakini stempu isipakwe gundi ya ofisini wala kubandikwa kwa utepe wa nailoni, kwa kuwa vyote viwili huiharibu daima. Kikunjo kidogo cha karatasi nyembamba, au mfuko mdogo wa karatasi uliobandikwa kwenye ukurasa, chafaa zaidi.

Tano, na hili ndilo kubwa: chini ya kila stempu na kila bahasha yaandikwe maelezo kwa Kiswahili sanifu. Imetoka wapi, imepatikana kwa nani, mwaka gani, ina maneno gani, na maneno hayo maana yake nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi akiandika mistari minne kwa kila stempu, mwishoni mwa mwaka atakuwa ameandika kitabu.

Wapo watakaouliza: je, kuna utajiri humo? Tuwajibu bila kuwadanganya. Stempu za kawaida zina thamani ndogo sokoni. Zile za RUANDA na URUNDI za mwaka 1916 hutafutwa sana, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa sana. Mwanafunzi asitoe hata faranga moja kwa kitu kama hicho. Anayeingia kwa tamaa ya fedha atatoka mikono mitupu na moyo mchungu. Anayeingia kwa kutaka kujua hatatoka bure.

Mwisho twawaelekea walimu wenzetu. Kwa muda mrefu Kiswahili katika nchi hii kilitazamwa kama lugha ya sokoni na kambini, isiyofaa daftari. Mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Lakini sheria haiwezi kukipa lugha heshima ikiwa wanafunzi hawana jambo la kuandika kwa lugha hiyo isipokuwa majibu ya mtihani. Hapa lipo jambo. Halihitaji bajeti, wala kibali cha mbali, wala mgeni wa kutufundisha. Lahitaji kila mwalimu awatume wanafunzi wake nyumbani juma hili wakaombe bahasha moja moja, nao wairudishe darasani wakiwa wameiandikia maelezo. Bahasha thelathini ni mwanzo wa kutosha kwa darasa moja. Tusingojee albamu za ng'ambo huku mchwa wakisoma barua zetu kabla yetu.